KILOSA NAYO INA WALIMU WA RELI

Mwezi Januari 1973 alifariki dunia huko Monterey, katika jimbo la California nchini Marekani, mpiga picha mmoja aitwaye John Allen. Hakuwa mkuu wa shirika la reli. Alikuwa na reli yake mwenyewe chini ya nyumba yake, reli ya mfano yenye milima, mabonde, madaraja na stesheni, ambamo kila kitu kilipunguzwa mara 87 kuliko kilivyo kwa hakika. Siku kumi baada ya kifo chake moto uliiteketeza karibu yote. Hata hivyo, zaidi ya miaka 50 baadaye, watu wanaounda reli za namna hiyo katika nchi mbalimbali wangali wakimtaja kwa mapenzi, kama wanafunzi wamtajavyo mwalimu wao.

Msomaji wa Visiwani ana haki ya kuuliza: hayo yatuhusu nini? Yatuhusu, na yawahusu zaidi watendaji wa Serikali walioko Kilosa na Mikumi.

Wakati ambapo wengi walipenda vichwa vya treni ving'aavyo kana kwamba vimetoka dukani, Allen alivipaka kutu, vumbi na masizi, kwa kuwa reli ifanyayo kazi huchakaa. Tena hakuifanya reli yake kuwa pambo la kutazamwa. Rafiki zake walikuja, kila mmoja akapewa kazi: huyu dereva, yule mpangaji wa mabehewa, mwingine msimamizi wa safari, nao wakafuata ratiba kama watumishi wa reli ya kweli. Mzaha haukukosekana, miongoni mwa vichwa vyake vya treni alimweka mnyama wa kale, mfano wa mjusi mkubwa, akiburura mabehewa. Lakini la muhimu ni kwamba aliyoyajua aliyaandika na kuyapiga picha majaridani, na mwaka 1981 kikachapishwa kitabu kizima juu ya kazi yake. Moto ulikula mbao na plasta. Elimu ilikuwa imekwisha kutoka nyumbani mwake.

Sasa na tuitazame Kilosa. Reli ya Kati, iliyoanzwa Dar es Salaam na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, yapita hapo. Kutoka hapo lilichipuka tawi la kwenda Mikumi, na katika miaka ya 1960 likafika Kidatu, kwenye mashamba ya miwa. Huko Kidatu ndiko njia hiyo ilikokutana na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Na sasa reli mpya ya umeme imetoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki, na tangu mwaka 2024 abiria huipanda kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Upana wa Reli ya Kati ni milimita 1,000, wa TAZARA 1,067, wa reli mpya 1,435. Mkoa mmoja wa Morogoro umebeba zote tatu! Tukizipunguza kwa kipimo cha Allen, zitakuwa milimita 11 na nusu, 12 na robo, na 16 na nusu, na mtoto wa shule ataweza kuziweka juu ya dawati moja na kuelewa kwa nini behewa la njia hii haliwezi kupita njia ile.

Wako wazee, watumishi wastaafu wa reli, ambao hawahitaji mfano wowote ili kuyaeleza hayo. Gadi, fayamani, pointimani, stesheni masta na mafundi wa njia wajua jinsi treni mbili zinavyopishana kwenye njia moja bila kugongana. Waujua mto Mkondoa kwa tabia zake, mto ambao mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulifurika na kusomba tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe. Ni nani anayewaandika? Mzee wa reli azikwapo, aghalabu huzikwa pamoja na aliyoyajua.

Sisi wa Unguja tumekwisha kuionja hasara hiyo. Kuanzia mwaka 1905 tulikuwa na gari la moshi kutoka mjini hadi Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Katika miaka ya 1920 lilikoma kuchukua abiria, na reli ikang'olewa. Leo waliolipanda wametoweka, na pengo lao limezibwa na uvumi. Husemwa, kwa mfano, kwamba jina la Bububu limetokana na mngurumo wa gari hilo, ilhali Bibi Salme binti Said aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, kabla ya reli hiyo kuwekwa!

Tunapendekeza basi kwamba Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa, ikishirikiana na Shirika la Reli na shule za Kilosa na Mikumi, iunde reli ya mfano ya njia ya Kilosa, Mikumi na Kidatu, chini ya uongozi wa wastaafu hao. Tunajua jibu litakalotoka katika baadhi ya ofisi: huo ni mchezo wa watoto, na fedha hakuna. Hatuombi vitu vya kuagizwa ng'ambo. Watoto wetu huunda magari kwa waya, makopo na mabua. Mbao na bati zapatikana. Kwa kipimo hicho kilomita moja ya reli huwa mita 11 na nusu, kwa hiyo njia nzima haitaenea katika chumba chochote. Itoshe stesheni ya Kilosa, ile ya Mikumi, na makutano ya Kidatu. Na ipakwe kutu na vumbi.

Lakini kuandika kutangulie kujenga. Kwanza ipatikane orodha ya wastaafu wa reli waishio Kilosa, Mikumi na Kidatu, apelekwe kwa kila mmoja kijana mwenye daftari na chombo cha kunasia sauti, na nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja. Kazi hiyo yaweza kuanza kabla ya masika yajayo, maana Mkondoa ukifurika hata barabara za kuwafikia wazee hao hukatika.