Mahakama ya Kuigiza na Lugha ya Mshtakiwa

Wahenga walinena kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Katika vyuo vikuu vyetu, ni kozi chache zinazoitii kauli hii kwa bidii kama kozi za elimu ya jinai na utoaji wa haki. Wanafunzi wake hawaridhiki na mihadhara pekee. Utawakuta nyuma ya maktaba wameuzungushia mti utepe wa manjano, wakipima umbali kati ya rungu na kiatu, wakichora ramani ya mahali pa tukio na kutafuta alama za vidole kwenye gilasi iliyoazimwa mesini. Utawaona wakitia vielelezo bahashani na kuandika ni nani amemkabidhi nani, na saa ngapi. Likizo ndefu ikifika, hutawanyika nyanjani: vituo vya polisi, magereza, afisi za probesheni na masjala za mahakama. Kilele cha yote ni mahakama ya kuigiza. Siku hiyo ukumbi hufurika hadi pomoni, na hata wanafunzi wa uhandisi huacha hesabu zao waje kumwona mwenzao wa bwenini akihukumiwa.

Hizi ni juhudi za kupongezwa, kwani maisha ya chuo yana ladha zaidi pale darasa linapotoka nje ya kuta zake. Hata hivyo, kuna kasoro moja ambayo haifai kufumbiwa macho. Katika mahakama hizo za kuigiza, karibu kila neno ni la Kiingereza. Mwizi wa kuku hukana shtaka kwa Kiingereza. Shahidi aliyevishwa leso ili aonekane nyanya wa kijijini hudodoswa kwa Kiingereza, naye hujibu kwa Kiingereza sanifu kuliko cha wakili. Msimamo wa makala haya ni kwamba mafunzo ya vitendo yasiyotendwa kwa lugha ya kazini ni nusu ya mafunzo, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyobeba uhuru wa mtu.

Tuanze na sheria yenyewe. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 49 inataka mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kunyamaza. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kuwa na mkalimani bila malipo. Nacho kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema kuwa lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Huko kwenye mahakama za chini ndiko anakofikishwa mwananchi wa kawaida. Basi mhitimu atakayefanya kazi kituoni au gerezani atasikia Kiswahili kutwa kucha, kisha mara nyingi atatakiwa kukiandika kwa Kiingereza. Ni nani aliyemfunza kuuvuka mto huo?

Sisi tunaosoma isimu tunajua kuwa mto huo una mamba. Chukua saa. Mshukiwa anaposema, "Saa mbili usiku nilikuwa nyumbani," mwandishi asiye makini akaihamisha mbili hiyo jinsi ilivyo, amemsogeza mtu kwa saa sita nzima. Kama uhalifu ulitendeka saa mbili na robo, utetezi wote umeyeyuka. Chukua pia kiambishi cha nafsi. Shahidi akisema, "Alinisukuma," Kiswahili hakijataja mume wala mke. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi achague. Iwapo wanaoshukiwa ni mwanamume na mwanamke, mwandishi ameshampata mkosaji kabla upelelezi haujaanza.

Hatari zaidi ni vitenzi. Katika mazungumzo ya kila siku, mtu husema "alininyang'anya simu" hata kama mdai wake aliichukua mezani bila ridhaa. Katika Kanuni ya Adhabu, wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 una kifungo kisichozidi miaka 3, ilhali kifungu cha 296(2), kuhusu wizi wa mabavu, kinataja adhabu ya kifo. Kati ya hayo mawili kuna maswali ambayo lazima yaulizwe kwa Kiswahili: Je, alikuwa na silaha? Aliandamana na nani? Alikupiga, au alikutisha? Asiyejua kuyauliza ataliandika neno la mlalamishi kwa uzito ambao mlalamishi mwenyewe hakuukusudia.

Fikiria pia hatua ya mshtakiwa kujibu shtaka. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu huurejelea hadi leo. Shtaka na viungo vyake vyote muhimu vifafanuliwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe, kadiri inavyowezekana, kwa maneno yake mwenyewe. Akikubali, upande wa mashtaka ueleze jinsi mambo yalivyotukia. Kisha apewe nafasi ya kupinga au kuongeza. Sasa msikilize mshtakiwa: "Ni kweli nilimpiga, lakini alikuwa amenijia na panga." Anayesikia "ni kweli" akaishia hapo, amemfunga mtu aliyekuwa akijitetea. Hili halifunzwi kwa kukariri vifungu. Hufunzwa kwa kusikiliza Kiswahili kinavyosemwa na mtu mwenye hofu.

Wapo watakaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hakimu, dhamana, rufani, mdhamini, kizuizini, ushahidi: haya si maneno ya kuzuliwa kesho. Tanzania ilirekebisha sheria zake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Wengine watasema kuwa mitihani na kumbukumbu za mahakama ni za Kiingereza. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kufanya mazoezi. Mgema hafundishwi kukwea mnazi kwa kuchorewa mnazi ubaoni.

Tunapendekeza basi mambo matatu. Kwanza, kila muhula mahakama moja ya kuigiza iendeshwe kwa Kiswahili, kuanzia kusomwa kwa shtaka hadi hukumu. Pili, washtakiwa na mashahidi wawe wanafunzi wa Kiswahili wasiopewa maneno ya kukariri, bali kisa tu, wakisimulie kama watu wanavyosimulia: kwa lahaja, kwa mafumbo, kwa Sheng, kwa kurudi nyuma na kujikanganya. Tatu, katika mazoezi ya kuandika taarifa, mmoja aandike, amsomee msemaji alichoandika, na mwanafunzi wa tafsiri alinganishe maneno yaliyotoka kinywani na yaliyofika karatasini. Tofauti zitakazopatikana zitakuwa somo kwa idara zote mbili.

Kazi hii haiwezi kuachiwa wenzetu wa elimu ya jinai peke yao. Chama cha Kiswahili kinachojua kuandaa tamasha za mashairi na midahalo kinaweza pia kuandaa orodha ya istilahi za kituoni na kizimbani, na kuwaomba wahadhiri wetu wa tafsiri wafundishe ukalimani wa mahakamani kama taaluma, na wala si kama jambo la kutajwa kwa pupa katika wiki ya mwisho ya muhula. Hapo ndipo wanaouliza shahada ya Kiswahili ina faida gani watakapopata jibu bila sisi kupaza sauti.

Ukumbi upo, majoho yapo, na lugha tunayo. Kilichobaki ni karani asimame, alisome shtaka kwa Kiswahili, amuulize mshtakiwa kama amelielewa, kisha angoje jibu hadi mwisho wake.