Mlemavu na kipanga: Tusiwafungie watu nyumbani

Je, msomaji, ukimwona mtu aliye katika kiti cha magurudumu, unaweza kumdhania kuwa mwindaji? Yamkini utacheka. Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba mtu akishavunjika uti wa mgongo au kukatwa mkono, yaliyobaki ni kulishwa, kuogeshwa na kuwekwa sebuleni mbele ya televisheni. Imani hiyo huua watu polepole, na leo nataka kuipinga kwa mfano ambao huenda hukuutarajia: uwindaji kwa kutumia kipanga.

Ustadi huu ni wa kale, na unapendwa mno katika nchi za Ghuba, Asia ya Kati na Ulaya. Mnamo Novemba 2010, katika mkutano wa UNESCO uliofanyika papa hapa Nairobi, uliingizwa katika orodha ya turathi za binadamu kwa ombi la nchi 11, zikiwemo Milki za Falme za Kiarabu, Mongolia na Ufaransa.

Sasa tazama jinsi kazi yenyewe inavyofanywa. Anayekimbiza windo ni ndege, si mtu. Bwana wake huvaa glavu nene ya ngozi na kumbeba ndege kwenye mkono mmoja. Kwa kuwa mkono huo una kazi, kamba ya ndege hufungwa kwa fundo maalumu linalofungwa kwa mkono mmoja tu. Kofia ndogo ya ngozi inayomfunika ndege macho hukazwa kwa vidole vya mkono ulio huru na meno. Kwa hivyo kila anayejifunza kazi hii, hata awe mzima namna gani, hufundishwa kwanza kuishi kama mtu wa mkono mmoja!

Wakazaki wa magharibi mwa Mongolia nao huwinda kwa tai anayeweza kufikia kilo sita, wakiwa juu ya farasi. Hakuna mkono unaostahimili uzito huo kutwa. Wao hutumia gongo la mbao lenye panda, lililoegemezwa kwenye tandiko, kuushikilia mkono. Hakuna anayewaita walemavu. Basi kwa nini gongo kama hilo likifungwa kwenye kiti cha magurudumu tuone ni jambo la kuhurumiwa?

Siri ni kulinganisha kazi na mwili. Mwenye bega dhaifu asichukue tai; kuna vipanga wadogo wenye uzito wa gramu 200 hivi. Kumpima ndege kwenye mizani kila siku, kumlisha na kumzoeza kurudi mkononi kwa kipande cha nyama ni kazi zinazoweza kufanywa mtu akiwa ameketi. Ndege huzoezwa sauti na mwendo wa magurudumu polepole, kama anavyozoezwa mbwa na farasi. Siku hizi hufungwa kifaa kidogo cha redio ili akipotea atafutwe kwa mawimbi.

Sitakuficha yaliyo magumu. Kipanga akishika windo kwenye mawe au vichaka, lazima awepo mwenzako wa kumfuata kwa miguu. Afya nayo ina masharti yake. Mabega ya mtu anayesukuma kiti huchoka haraka, kwa hivyo asibebe ndege kwa muda mrefu bila kitu cha kuegemeza mkono. Asiyehisi maumivu miguuni asimruhusu ndege kutua pajani, kwani kucha zinaweza kumchoma asijue. Ajikague kila jioni, na chanjo ya pepopunda iwe imekamilika. Ainue makalio kila nusu saa au mapema zaidi ili kuepuka vidonda vya kukaa. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu huenda hatoki jasho ipasavyo, na jua kali linaweza kumwangusha. Mwenye pumu ajihadhari na vumbi la manyoya, na kila mmoja anawe mikono baada ya kushika nyama mbichi.

Lakini haya ni masharti, si makatazo. Kosa kubwa la wengi wetu, madaktari na jamaa pia, ni kufanya masharti kuwa makatazo. Mgonjwa akishaweza kujilisha na kuvaa shati, tunasema tiba imekwisha. Hakuna anayemuuliza: "Ulikuwa ukipenda nini kabla ya ajali?" Hapo ndipo huzuni huingia, na mtu aliyeponywa mwili huanza kukataa chakula.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2008, unataja burudani na michezo katika kifungu cha 30. Starehe ni haki yao, si zawadi ya hisani.

Usinielewe vibaya, msomaji. Sikutumi ukamate kipanga Ngong. Kuwinda wanyamapori kwa burudani kulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, na ndege hawa wanalindwa na sheria. Pengine wako si kipanga. Pengine kaka yako alikuwa akifuga njiwa, akivua samaki au akipiga gitaa kabla ya pikipiki kumwangusha. Muulize leo. Kisha mkae pamoja mtafute ni gongo gani linalohitajika, lifungwe wapi, na nani atakayekuwa mwenzake pale penye mawe. Wakazaki hawakungoja mkono upate nguvu za kumbeba tai. Walikata mti wakachonga gongo.