Mshale Uliolala kwenye Sifuri

Wasikilizaji wetu wa Kolwezi, na ninyi ndugu mliohamishwa kupisha migodi, mkiingia kwenye taksi ya zamani inayotoka mjini kuelekea Fungurume, angalieni mbele ya dereva. Mara nyingi mshale wa kipima mwendo umelala kwenye sifuri na gari linakimbia. Nilimwuliza dereva mmoja: «Papa, tunakwenda mwendo gani?» Akacheka: «Mimi ninausikia kwa masikio.»

Sikubaliani naye. Masikio huzoea. Baada ya nusu saa kwenye lami, 80 inaonekana kama 60. Breki hazizoei. Kwenye 60 gari linakula karibu mita 17 kila sekunde. Kwenye 80 linakula mita 22, na nafasi ambayo breki zinahitaji ili kulisimamisha inakaribia kuwa mara mbili.

Tena barabara hii tunaigawana na malori ya shaba, ya kobalti na ya asidi. Hatujasahau mwezi wa pili 2019 kule Kabwe, lori la asidi lilipopata ajali na watu karibu 20 wakafa.

Wenye magari wanasema kamba ya kipima mwendo haipatikani tena. Pengine ni kweli. Katika magari hayo, kamba ya chuma inazunguka ndani ya ala yake kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye dashibodi; ikikatika, mshale unalala. Lakini fundi anaweza kufunga kipima mwendo cha umeme. Pale ilipochomekwa kamba anaweka kifaa kidogo kinachohesabu mizunguko. Kisha zinabaki nyaya tatu: ya kwanza inaleta umeme ufunguo ukiwashwa, ikipitia kwenye fyuzi, ya pili ni ya masi, inafungwa kwenye chuma kisicho na rangi wala kutu, ya tatu inaleta hesabu kutoka kwenye giaboksi. Hiyo ya tatu isipite karibu na nyaya za bujia, la sivyo namba zitarukaruka.

Hapa ndipo ninapogombana na baadhi ya mafundi wetu. Wanafunga, wanaona namba zinawaka, wanachukua pesa. Kumbe kifaa hakijui ukubwa wa matairi yako mpaka kifundishwe: kwa kupita kilomita moja iliyopimwa, au kwa kukilinganisha na GPS ya simu, asomaye akiwa abiria, si dereva. Ukiweka matairi makubwa zaidi, rudia, maana gari litakimbia kuliko namba inayoonekana. Kipima mwendo kilichokufa kila mtu anajua kimekufa, kinachodanganya kinaaminiwa.

Najua pesa ni ngumu. Lakini mara nyingi gari hilohilo lina redio mpya na taa za rangi. Kobalti yetu inakwenda kwenye betri za magari ya kisasa duniani. Mama aliyehamishiwa pembeni ya mji, ambaye sasa lazima apande taksi ili afike sokoni, anabebwa na gari ambalo hata dereva wake hajui linakimbia kiasi gani. Hiyo si haki.

Mwenye gari, tengeneza kipima mwendo kabla ya redio. Nawe abiria, uliza kabla gari halijaondoka. Kuuliza si ujinga.