Kiangazi Nacho Huua Mashine

Karibu kila kijitabu kinachouzwa pamoja na mashine ya kuoshea kwa maji ya presha, iwe imetengenezwa Ujerumani, Italia au China, kina ukurasa unaoeleza namna ya kuihifadhi mashine hiyo katika majira ya baridi. Msomaji wa Tanga au Lindi huuruka ukurasa huo bila ya kujiuliza mara mbili. Msomaji wa Mbulu hana uhakika kama huo. Kwake yeye baridi si hadithi ya ng'ambo. Mwezi wa Juni na wa Julai watu wa nyanda za juu hutoka asubuhi wamejifunika blanketi, na ukungu haupandi hadi jua liwe juu. Anaweza kudhani kwamba ukurasa huo uliandikwa kwa ajili yake. Haukuandikwa kwa ajili yake. Lililo baya zaidi ni kwamba hakuna ukurasa mwingine wowote ulioandikwa kwa ajili yake.

Baridi inayozungumzwa na kijitabu ni ile ya kugandisha. Maji yanapogeuka barafu huongezeka ukubwa kwa kadiri ya asilimia 9, wala hakuna chuma cha kawaida cha pampu kinachoweza kuyazuia. Mwenye mashine huko Kanada au Uswidi akisahau maji ndani ya pampu, usiku mmoja tu watosha kuipasua. Ndiyo sababu huambiwa ayamwage yote, kisha apitishe ndani yake dawa ya kuzuia mgando. Huko Mbulu na Hanang maji yaliyomo katika pampu iliyowekwa bandani hayagandi, hata Julai. Kwa hiyo dawa hiyo haihitajiki, na yafaa isinunuliwe kabisa. Iliyo ya kawaida hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, kimiminika chenye utamu ambacho mbwa au ndama hukilamba kwa hamu na kufa kwa figo. Katika nyumba ambamo ndama hulala hatua chache kutoka kitanda cha mwenye mji, hiyo si hatari ya kudhania.

Lakini ni kosa kubwa kukata shauri kwamba, kwa kuwa maji hayagandi, basi mashine haihitaji maandalizi yoyote. Mvua za wilaya hizi mbili huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba au Desemba na kukoma Mei. Katika miezi hiyo kuna tope la kuosha: matrekta, malori ya barabara ya Babati hadi Singida, pikipiki za abiria. Mabomba ya kupulizia dawa mashambani nayo hufanya kazi katika miezi hiyo hiyo. Inapofika Juni tope limekauka, na maji yenyewe yameadimika kiasi kwamba kuyatumia kuoshea gari ni kama kuyatukana. Mashine husukumwa pembeni. Itakaa hapo miezi mitano au sita, nayo ni sawa kabisa na muda ambao mashine ya Kanada hulala chini ya paa lenye theluji.

Yanayotokea katika miezi hiyo ni mambo ya kikemia, nayo huenda polepole. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana chumvichumvi na magadi mengi. Mkaazi yeyote wa tambarare za Hanang aonaye ukoko mweupe ndani ya birika lake anayo ithibati, na Ziwa Balangida chini ya mlima ule ni mfano mkubwa wa birika hilo. Maji yaliyobaki ndani ya pampu hukauka, lakini chumvi haikauki. Kadiri maji yanavyopungua ndivyo ukali wa magadi unavyozidi, na magadi hula alumini. Vichwa vya pampu za bei nafuu aghalabu ni vya alumini. Vya shaba nyeupe hustahimili zaidi, lakini bei yake si ya kila mtu. Wakati huo huo vali ndogo hugandamana na ukoko, na mipira ya kuzuia uvujaji hukauka na kung'ang'ania chuma. Siku ya kwanza ya mvua kamba ya kuwashia inapovutwa kwa nguvu, mpira hauteleki, huchanika.

Petroli ina maradhi yake. Sehemu zake nyepesi hupaa, na zilizobaki huungana na oksijeni ya hewa na kuacha utomvu wa rangi ya kahawia ndani ya kabureta. Kitundu kinachopitisha mafuta humo ni chembamba kuliko sindano ya kushonea, na utomvu kidogo tu hukiziba. Tena wapo wadudu na wanyama: nyigu hujenga viota vya udongo ndani ya bomba la kutolea moshi, na panya hutafuna mipira.

Maandalizi yanayofaa si magumu, ila mpangilio wake una maana. Kwanza mashine ipitishiwe maji safi, ya mvua yakiwapo, mpaka sabuni iishe. Maji yakiwa bado yanapita, mrija wa petroli ufungwe, injini iachwe iunguze mafuta yaliyomo katika kabureta mpaka izimike yenyewe. Wengi hugeuza utaratibu huu: huondoa maji kwanza, kisha huiacha injini ikinguruma ili kumaliza petroli, na pampu isiyo na maji husagika kwa joto lake yenyewe. Injini ikishazimika ndipo maji yaondolewe, bastola ibanywe ili presha itoke, na kamba ivutwe mara chache taratibu ili kuyatoa yaliyobaki. Petroli ya tangini imwagwe katika chombo na itumiwe kwenye pikipiki.

Oili ibadilishwe kabla ya mapumziko, wala si baada yake, kwani oili iliyotumika ina asidi na unyevu, na ni katika kulala ndipo hivyo hula chuma. Plagi ifunguliwe, kijiko kidogo cha oili safi kimiminwe ndani, na kamba ivutwe polepole mpaka iwe nzito. Hapo vali za injini zimefunga. Ndani ya pampu, iwapo kijitabu kinaruhusu, yapitishwe mafuta mepesi ya mashine. Hapa kuna mtego kwa watu wa Hanang, nchi ya alizeti: mafuta ya alizeti yapo, ni mengi, lakini yakikaa hewani hunata na hatimaye hugeuka utomvu. Yasitiwe. Mwisho bomba la moshi lizibwe kwa kitambaa, mashine iinuliwe juu ya ubao na kufunikwa kwa gunia. Nailoni hufungia unyevu.

Yote haya ni kazi ya saa moja hivi. Kwa nini basi haifanywi? Wako wasemao kwamba ni uvivu. Hoja hiyo haina msingi. Mkulima yule yule huchagua mahindi ya mbegu, akayaning'iniza juu ya moshi wa jiko, na kuyalinda miezi yote ya kiangazi bila ya kukumbushwa na mtu. Tofauti ni kwamba mbegu ikioza yeye hujua sababu. Baridi ya Ulaya nayo hufundisha namna hiyo: pampu hupasuka usiku, mwenyewe huiona asubuhi, na kosa halina mwingine wa kubeba. Kiangazi huua kimya kimya. Mashine ilikuwa nzima Mei, imekataa Novemba, lawama hutupiwa kiwanda, na neno "feki" humaliza mjadala. Pengine kweli ilikuwa dhaifu, lakini hata iliyo imara isingevumilia.

Wilaya ya Hanang ingepaswa kulifahamu jambo hili kuliko nyingine zote nchini. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya Basotu na jirani zake yalilimwa, chini ya shirika la NAFCO, kwa matrekta na kombaini zilizokuja kwa msaada wa Kanada, katika ardhi waliyochungia Wabarabaig. Haki ya ardhi hiyo ni suala zito linalostahili makala yake. Kuhusu mashine, inatosha kukumbuka kwamba zilikuja na mafundi, vipuri na karakana, na kwamba msaada huo ulikoma katika miaka ya 1990. Ujuzi wa kuitunza mashine katika kiangazi cha Hanang ulikuwamo katika mikono ya mafundi wale. Mikono huzeeka, nao haukuwekwa katika ukurasa ambao muuza bomba wa Katesh angeweza kumpa mteja wake leo.

Kituo cha CAMARTEC kilichoko Arusha kimepewa kazi ya zana za kilimo na ufundi wa vijijini, wala si mbali na wilaya hizi. Kinaweza kuandika ukurasa huo kwa Kiswahili sanifu chenye michoro, kwa kuzingatia maji ya magadi, vumbi na petroli ya kiangazi. Waagizaji wa mashine nao walazimishwe kuutia ndani ya kila sanduku, kama wanavyolazimika kulipa ushuru. Watasema gharama itapanda. Karatasi moja haiwezi kuipandisha bei ya mashine kwa kiasi cha kuonekana, ilhali kichwa kipya cha pampu huweza kumla mwenye mashine mapato ya wiki nyingi za kuosha pikipiki. Ukiandikwa sasa, waweza kuwa madukani Mbulu na Katesh kabla ya mvua kukoma mwezi wa Mei.