TUNDUMA INAJAA, MAJITAKA YANAKWENDA WAPI?



Leo tuongee jambo ambalo watu hawalipendi wakati wa chakula. Choo. Au tuseme, kile kinachobaki shimo likishajaa.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2012 iliikuta Tunduma na watu 97,562. Ya 2022 ikakuta 219,309. Miaka 10 tu, mji umezidi mara mbili! Na hapo hujahesabu madereva wa malori wanaolala kwenye foleni ya kuvukia Nakonde. Vwawa nayo, tangu Songwe iwe mkoa 2016, nyumba zinaota kama uyoga.

Kila mwanasiasa akija anaahidi maji. Sawa, tunayahitaji. Lakini jamani, ndoo iliyoingia ndani ikiwa safi itatoka ikiwa chafu. Ukiongeza bomba, umeongeza majitaka.

Nyumba nyingi huku zinategemea shimo. Likijaa, mwenye nacho anaita gari la kunyonya. Asiye nacho anachimba jingine, au anangoja mvua kubwa atapishe usiku. Asubuhi majirani wa bondeni wanachota maji ya kumwagilia mchicha.

Wengi wanadhani dawa yake ni mtandao wa mabomba ya majitaka mji mzima, kwa hiyo tusubiri mfadhili. Mimi nasema hapana. Cha kwanza ni ARDHI.

Mabwawa ya kutibu majitaka, kama yale ya Kalobe pale Mbeya, hayahitaji mitambo ya ajabu. Bwawa la kwanza ni la kina kirefu, tope linatuama na bakteria wanaanza kulila. La pili ni pana, mwani unatoa oksijeni. La mwisho ni la kina kifupi, jua linaua vijidudu. Umeme hauhitajiki. Kinachohitajika ni eneo kubwa, mbali kidogo na watu, ambako hata gari la kunyonya litamwaga kihalali.

Kanuni za 2007 zinataka maji yanayotoka hapo yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita. BOD ni nini? Ni oksijeni ambayo uchafu unaila kwenye maji ndani ya siku 5. Sisi wa Mbozi tusijifanye hatujui: kijito kinachopokea maji ya kumenyea kahawa kinanuka na kuwa cheusi kwa sababu hiyo hiyo. Oksijeni imeisha.

Na tukumbuke tunakomwaga. Sehemu kubwa ya maji ya ukanda wetu inaelekea Ziwa Rukwa, Mto Momba ukiwa mmojawapo wa njia zake. Ziwa lile halina mto unaotoka. Yasiyooza yakishafika, yamefika.

Kuna watakaosema fidia ya ardhi ni ghali. Ni kweli. Lakini leo unalipa fidia ya shamba la mahindi, kesho utalipa fidia ya nyumba za matofali. Nendeni Vingunguti, Dar es Salaam, mkaone mabwawa yalivyozungukwa na makazi.

Tukichelewa kuna bei nyingine. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Zambia Oktoba 2023 uliua zaidi ya watu 700, wengi wao Lusaka. Lori la Lusaka linaegesha Tunduma, na kipindupindu hakigongi muhuri pale mpakani.

Sheria Na. 5 ya 2019 inazipa mamlaka za maji kazi ya majisafi pamoja na usafi wa mazingira. Ardhi na mipango miji viko halmashauri. Kibali cha kumwaga mtoni kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde. Ofisi tatu, mezani zinatakiwa zikae pamoja.

Kwa hiyo swali langu kwa madiwani wa Tunduma na Mbozi ni moja tu: kwenye ramani zenu za mji, eneo la mabwawa liko wapi? Kama lipo, tuonyesheni na mliwekee mipaka kabla halijauzwa viwanja. Kama halipo, kikao kijacho lianze hilo, barabara zifuate.

Wenye taarifa mwageni hapa. Naomba kutoa hoja.