Je, India Ilipata Uhuru Bila Damu?



Mzee mmoja wa darasa letu alisema hivi: "Wahindi walipata uhuru bila damu. Wavietnam walipenda vita." Mzee wetu namheshimu, lakini kwa jambo hili sikubaliani naye.

India ilitawaliwa na Waingereza. Sheria yao ilikataza watu kujitengenezea chumvi. Chumvi ilitozwa kodi, na hata maskini aliilipa. Mwaka 1930 Gandhi alitembea kwa miguu siku 24 mpaka Dandi, pwani. Hapo aliokota chumvi, akavunja sheria. Watu wengi wakamfuata. Maelfu walifungwa, lakini hawakushika silaha.

Je, damu haikumwagika? Ilimwagika. Mwaka 1919, katika mji wa Amritsar, askari waliwapiga risasi watu wasio na silaha. Mamia walikufa. India ilipopata uhuru mwaka 1947, nchi iligawanywa, ikazaliwa Pakistan. Mamilioni ya watu walihama makwao, na wengi sana waliuawa.

Vietnam ilitawaliwa na Wafaransa. Huko nako wakoloni walishika biashara ya chumvi. Tarehe 2 Septemba 1945 Ho Chi Minh alitangaza uhuru mjini Hanoi. Wafaransa hawakukubali. Mwaka 1946 Ho Chi Minh alikwenda Ufaransa kwa mazungumzo. Mazungumzo hayakufaulu, na mwaka huohuo vita vikubwa vilianza. Mtu anayependa vita hasafiri mbali hivyo kutafuta maelewano.

Wakulima walisukuma baiskeli milimani zikiwa na mchele na risasi. Baiskeli moja iliweza kubeba kilo 200. Tarehe 7 Mei 1954 Wafaransa walishindwa huko Dien Bien Phu. Lakini nchi iligawanywa, na baadaye Wamarekani waliingia vitani. Vita viliisha mwaka 1975. Zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamekufa.

Maoni yangu ni haya. Anayedai haki hachagui njia peke yake. Mtawala naye huchagua. Waingereza, wakiwa wamechoka baada ya Vita Kuu ya Pili, walikubali kuondoka India. Wafaransa walirudi Vietnam na majeshi. Kwa hiyo tusiwacheke Wahindi kuwa ni waoga, wala tusiwalaumu Wavietnam kuwa ni wakali.

Tena, viongozi peke yao hawakuleta uhuru. Uhuru uliletwa na mwokota chumvi na msukuma baiskeli. Ho Chi Minh alilijua hilo. Mwezi uleule wa Septemba 1945, serikali yake ilianzisha kisomo cha watu wazima. Aliona kuwa ujinga nao ni adui.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini Gandhi alichagua chumvi?
2. Je, wewe unakubaliana na mzee, au na mimi? Toa sababu zako.