Wordle si mtihani wa Kizungu, acheni kutishana nayo

Kuna ule msee kwenye grupu lenu la WhatsApp. Kila asubuhi, kabla hata ya kusema sasa, anamwaga vijisanduku vyake vya kijani na njano: Wordle, mara tatu tu. Wewe uko kwenye matatu, umekwama jaribio la tano, na unaanza kujiuliza kama kichwa chako kiko sawa.

Nakuandikia wewe. Na huyo msee pia, kwa sababu niliwahi kuwa yeye.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Lakini grupu la darasa sikutoka. Wenzangu wakiongea mambo ya mahafali, mimi niko mtaani nauza vifuniko vya simu. Wordle ilipoingia mapema 2022, nikaona hapo ndipo pa kuwaonyesha kwamba ubongo sikuuacha darasani. Shida ni kwamba nilikuwa nakwama kila siku. Basi nikagundua zile tovuti za kutafutia maneno. Unaandika herufi ulizopata na nafasi zake, unaandika zilizokataliwa, unabonyeza, unaletewa orodha nzima ya maneno ya herufi tano. Nikawa simba. Mara tatu, mara mbili, mara tatu.

Mpaka siku neno lilipokuwa KNOLL. Jioni nikakutana na mmoja wao kibandani tukinywa chai, akaniuliza, "Bro, si uliipata mara mbili? Kwani knoll ni nini?" Nikamwambia ni aina ya ndege. Maze! Akatoa simu akaangalia hapo hapo mbele yangu. Ni kilima kidogo. Hakucheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Nilikuwa nadanganya watu ambao hawakuniuliza chochote. Na sidhani niko peke yangu, kwa sababu wengi wetu tulilelewa hivi. Shule yangu ya msingi ukishikwa ukiongea Kiswahili au lugha ya nyumbani siku ya Kizungu, unavishwa kibao shingoni, unazunguka nacho hadi umnase mwenzako. Ukikulia hapo, utaamini Kizungu ndicho kipimo cha akili. Ukikutana na mchezo wa dakika tano, unaugeuza KCSE.

Sasa hebu angalia hicho kipimo kilitoka wapi. Wordle ilitengenezwa na jamaa anaitwa Josh Wardle, akiwa Brooklyn, ili acheze na mpenzi wake, Palak Shah. Maneno ya herufi tano aliyokuwa nayo yalikuwa kama 12,000, mengi ya ajabu ajabu. Palak ndiye aliyeyachuja, yakabaki kama 2,500 ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyajua. Mtu wa kawaida wa kwao, lakini. Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua mchezo. Kwa hivyo orodha iliyokuwa inakunyima usingizi ilianza kama maneno aliyoyatambua mwanamke mmoja. Wewe kutojua KNOLL si ujinga, ni kwamba hukualikwa hiyo sebule.

Tena, kujua lugha na kujua herufi ni vitu viwili. Mwaka 2015, Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa na Kifaransa chenyewe haongei. Alikariri kamusi tu. Mwaka huo huo Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kubeba ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, na Wanigeria wanasifika kwa kupenda maneno mafupi badala ya yale marefu ya kujigamba.

Kinachotakiwa hapa ni hesabu ya kuondoa. Chukua mfano. Umeshajaribu mara mbili, umepata IGHT imekaa kijani mwishoni, na unajua N na W hazimo. Yamebaki maneno saba ya kawaida: EIGHT, FIGHT, LIGHT, MIGHT, RIGHT, SIGHT, TIGHT. Nafasi ulizonazo ni nne. Ukirusha moja moja unacheza kamari. Mjanja anaandika FILMS, neno analojua si jibu, kwa sababu linapima F, L, M na S kwa mpigo. Hata zote nne zikikataa, yanabaki matatu na una nafasi tatu. Hapo umeshinda. (Ukiwa umewasha ile hali ngumu ya mchezo, pole, hii hairuhusiwi.) Niambie, Kizungu kiko wapi hapo? Hata konda anayegawa chenji kichwani Thika Road anaweza.

Kuna watu huniuliza mbona tusicheze kwa Kiswahili. Ningependa sana, lakini ingekuwa mnyama tofauti. Maneno yetu karibu yote yanaisha kwa vokali, kwa hivyo herufi ya tano ni kati ya a, e, i, o na u tu, umeshapunguziwa kazi. UGALI, MKATE, NDEGE, SHIDA, hayo sawa. Halafu ANALA ni neno ama ni sentensi? TULIA ni amri, ama ni sisi tulilia na mtu akasahau silabi? Refa wa huo mchezo atapigwa.

Zile tovuti za kutafutia sijaziacha kabisa, na sitakuambia uziache. Lakini siku hizi nazifungua baada ya kushindwa, nione ni maneno gani yalikuwa yamebaki, na lile nisilolijua nalisoma maana. Kwenye grupu bado nipo. Juzi niliposti X, nimeanguka mara sita zote. Yule wa kibandani akajibu na yake: X pia.